Kufu

Shangazi Mwanasiti alipoleta posa yangu
alihesabu mababu wa bwana yule kwa vidole,
mkono wa kulia ukaisha, akaingia wa kushoto.
"Huyu ni kufu yako," akasema. "Ukoo hauna doa."
Hakuna aliyeuliza bwana anatembeaje,
akikasirika hugeukia wapi,
akiona kilima hufanya nini.

Miaka sita.
Nikarudi Mtongwe na sanduku moja
na farasi jike.

Kungumanga, nimemwita, kwa rangi yake.
Alikuwa akibeba wageni ufukweni Nyali,
mia tano kwa picha, mtoto bure.
Hoteli ilipofungwa nikamnunua kwa bei ya kabati.
Mwaka wa mvua kubwa aliuruka mtaro wa Shika Adabu
na gunia la pumba mgongoni, mimi juu ya gunia,
akatua, akatafuta mtaro mwingine.

Basi nataka mwana wake.
Si wa picha. Wa yale mashindano ya bara, siku tatu:
siku ya kwanza atembee kwa adabu
kama biarusi anayejua anatazamwa,
ya pili magogo, mahandaki, maji ya kifuani, mbio hadi jasho liwe povu,
ya tatu, amechoka, viungo vinauma,
aruke miti inayoanguka ukiigusa kwa ukucha,
na asiiguse.

Ngowa, anayemlisha, akaniambia:
"Kabla ya kumkagua bwana, mkague bibi.
Zitaje aibu zake, usimwonee haya."
Nikamzunguka na tochi.
Mgongo mrefu. Shingo fupi, imekaa chini.
Miguu ya nyuma imenyooka mno, kama ya meza.
Kwato nzuri. Pumzi nzuri.
Moyo, sijui kipimo chake, ila ule mtaro.

Madume yalikuwa matatu.

La Gilgil: mshindi wa mbio, picha kila pembe,
baba wa baba wa baba, karatasi ndefu kama kanga.
Nikamkumbuka shangazi.
Nikauliza wanawe wako wapi.
Wawili wameuzwa kwa hasira zao, mmoja kamvunja mtu bega.

La Ulaya halisafiri. Husafiri mbegu yake,
imegandishwa ndani ya chupa inayofuka moshi,
na Daktari Achola yuko tayari kuipakata kutoka uwanja wa ndege
kama uji wa mgonjwa.
Kwa siku ya kwanza, hana mpinzani, shingo kama ya chano cha kahawa,
lakini mgongo wake mrefu, na wa bibi mrefu;
ukiunga kamba na kamba hupati nguzo.

La tatu liko Malindi. Sikio moja limepasuka.
Halina picha hata moja ya maana.
Mwenyewe, mzee wa Kiitalia aliyesahau Kiitalia,
hakunionesha dume. Alinionesha mabinti zake wanne,
mama zao wote wa migongo mirefu,
wao mifupi, imejaa, magoti ya nyuma yamekunjwa kama upinde,
mkubwa ana miaka kumi na saba na bado anaruka
ua la jirani kufuata mihogo.

Nikakaa chini kwenye mchanga, palepale.

Shangazi akanipigia jioni. "Asili yake?"
"Ya mchanganyiko."
"Ati?"
"Kwato, shangazi. Kwato zake kama chuma cha nanga."
Akanyamaza. Kisha, polepole: "Wewe tulikosea wapi?"
Sikumjibu. Mahari ilikuwa inasubiri:
elfu thelathini, magunia mawili ya pumba,
na wakimkataa dume, nusu inarudi.

Alfajiri tuko Likoni, lori ndani ya feri,
Kungumanga kasimama nyuma, masikio mbele,
maji yanapita chini yake na hayamshughulishi.
Askari wa zamu akachungulia.
"Huyu anapelekwa wapi?"
"Kuolewa."
"Na bwana mnamjua?"
Ngowa akacheka hadi akakohoa.
"Jina tumelisahau," nikasema. "Magoti tunayajua."